Daktari, Leseni Bado

Jumatatu, 7 Machi 1994
Kitale. Barua ya bodi ya madaktari imefika! Nimeifungua kwa kisu cha mkate. Wanataka — barua. Ati chuo changu kithibitishe nilisoma huko, na ubalozi wa nchi ile ugonge muhuri. Nchi ipi sasa? Mwaka 1986 niliingia Kharkov, Muungano wa Sovieti. Mwaka jana nikatoka na cheti cha Ukraine. Na sikuhama hata bweni.

Alhamisi, 17 Machi
Nairobi, kwenda na kurudi. Karani akaziweka karatasi zangu mbili kando kwa kando. Madam, hapa ni nchi moja na hapa ni nyingine, ulihama chuo? Nikamwambia hapana, nchi ndiyo ilihama. Hakucheka. Akasema niandike hivyo, nakala tatu, mbele ya wakili. Wakili ametaka mia tano kushuhudia kwamba Muungano wa Sovieti ulivunjika. Hata redio ilitangaza bure!

Jumapili, 10 Aprili
Nyumbani, Kabuchai. Mchungaji alinisimamisha kanisani — daktari wetu! Vigelegele. Baada ya ibada, foleni: goti, jino, ng'ombe asiyeshika mimba. Nikawaambia leseni bado. Mama mmoja akasema yeye ameendesha baiskeli miaka ishirini bila leseni, na hajagonga mtu.
Baba hakucheka. Yeye, Mzee Jairus, amekodisha shamba lake lote la miwa, miaka mitatu, ndipo nipate ada za bodi. Alinipa bahasha kwa mikono miwili, kama mimi ndiye mkubwa. “Hiyo reseni ikitoka, shamba litarudi.”
Kusoma miaka saba hakukumgharimu hata kuku, walilipa Warusi. Kuthibitisha kwamba nilisoma — hapo ndipo shamba limeenda.
Nililia chooni. Basi.

Jumatano, 4 Mei
Kazini, duka la dawa la Mzee Gachanja. Mbele ya wateja naitwa Daktari. Nyuma ya kaunta naitwa “wewe”. Leo, kwa elimu yangu yote, nimeshauri mtu kuhusu unga wa viroboto.

Ijumaa, 10 Juni
Mahojiano! Alhamisi tarehe 16, saa tatu asubuhi, Nairobi. Nikipita, mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Halafu ada ya usajili. Halafu ada ya leseni. Halafu nadhani kuna ada ya kufurahi.
Chini kabisa wamepiga mstari: atakayetibu kabla ya kusajiliwa, maombi yake yatafutwa. Gachanja amesoma hapo mara mbili, kwa sauti.

Jumanne, 14 Juni
Amekuja Chemutai, yule wa Saboti anayetuletea maziwa. Mimba ya miezi minane. Anataka Panadol, kichwa kinamuuma siku ya tatu. Uso umevimba, na anaona kama vimulimuli mchana. Nikatoa mashine yangu ya presha. 180 juu ya 120! Gachanja akakohoa. Kikohozi chake nakijua: wewe, uza.
Nikamwambia Chemutai aende hospitali sasa hivi, asipitie nyumbani.
“Huko ni foleni, na ng'ombe wananingoja. Si wewe ni daktari? Nipe dawa.”
Si mimi ni daktari? Swali zuri sana, bodi wanalichunguza.
Nikamwandikia kipimo kwenye kikaratasi awaonyeshe. Sikutia sahihi. Nilimtazama mpaka kona — akapinda upande wa hospitali.

Jumatano, 15 Juni
Saa nane mchana. Benchi la hospitali. Basi langu la Nairobi linaondoka saa kumi.
Chemutai hakufika hospitali jana. Alipitia sokoni, akarudi kukamua. Leo dada yake, Cherop, amemleta dukani, amemshika kiunoni. Kwenye ngazi akaanguka. Degedege. Meno yameumana, macho meupe. Cherop anapiga mayowe, Gachanja anasema asife hapa, bana, asife hapa!
Sikufikiri. Uongo — nilifikiri. Nilifikiri juu ya miwa ya Baba muda wa kuvunja kichupa cha Valium. Nikamlaza ubavu, nikapata mshipa, nikadunga polepole. Akatulia. Tukampakia kwenye pikapu ya Gachanja, kichwa chake mapajani mwangu.
Mlangoni nilimweleza daktari wa zamu kila kitu: presha, dawa, kiasi, saa. Akasema vizuri sana, umefanya kazi yako, akakimbia naye thieta.
Kazi yangu!
Sasa sista ameleta fomu. Dawa aliyopewa kabla ya kufika. Aliyempa. Namba ya usajili. Sahihi.
Gachanja ameniinamia sikioni. Andika mpita njia. Andika hajulikani. Ati hata mimi nina leseni ya duka, unataka tufungiwe sote?
Cherop ameketi sakafuni na viatu vya dadake mkononi.
Saa nane na nusu. Nimeandika. Jina langu, Lenah Wakhungu, kwa herufi kubwa. Sahihi pia nimeweka. Gachanja ametoka nje, nasikia anawasha pikapu.
Sista amepitia fomu kwa kalamu, mstari kwa mstari. Amenirudishia, kidole juu ya mstari wa namba.
“Daktari, hapa umeruka.”