Mkasi Niliouazima Kwako

Dada yangu mpenzi Lorna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na watoto wamepona kikohozi. Sisi ni wazima. Mimi bado naamka kila asubuhi nikiitazama pete yangu kama mtoto aliyepewa peremende. Ulisema utamu wa ndoa mpya huisha theluji ikianza kuanguka. Imeanza, dada, na mimi bado nakaa dirishani nikisikiliza mlio wa gari la Corbin.

Ningeweza kufika kwako kabla kahawa haijapoa, lakini nikikuona uso kwa uso nitalia tu. Nitaisukuma chini ya mlango wako jioni hii; isome peke yako, mumeo Dwight akiwa bado kazini.

Unaikumbuka siku ya harusi, tulivyotundika kufuli letu kwenye daraja la miguu kama wapendanao wote wa mji huu? Corbin aliandika majina yetu kwa msumari, ufunguo tukautupa mtoni, na wewe ukasema sasa nimefungwa, shauri yangu. Nilidhani hakuna mwanamke aliyebahatika kuliko mimi.

Basi wiki iliyopita nikitafuta kikwangulio cha barafu chini ya kiti cha gari lake, nikakuta kufuli jekundu lililokatwa. Lilikuwa na picha ndogo ya mwanamke anayecheka, na jina: Darla. Dada, moyo uliwaka. Nilijua papo hapo, au nilidhani najua. Walikuwa na kufuli lao darajani, nikajiambia, akalikata ili letu lipate nafasi, kisha akashindwa kulitupa. Nani anatunza kufuli bovu kama si mtu anayependa bado?

Sikumuuliza. Nilianza kumchunguza, na wivu una macho makali. Simu ikilia alitoka nje kwenye baridi kuongea na mwanamke. Jumamosi alisema anakwenda kununua mafuta ya injini, nami nikamfuata. Gari lake lilisimama mbele ya nyumba ya kijani, na kupitia dirishani nikawaona mezani. Alikuwa anamkatia nyama. Kipande baada ya kipande, polepole, kama anavyofanya kila jambo. Mimi hajawahi kunikatia hata mkate.

Niligeuza gari. Ndipo nikaja kwako kuazima mkasi wa kukatia vyuma, nikasema ni wa uzio. Ulisema huna hakika kama mnao, tukaenda bandani pamoja, tukaukuta nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, umeviringishwa kwenye gunia. Ulicheka, ukasema wanaume huficha vyuma kama mbwa afichavyo mifupa. Sikuwa na uzio wowote, dada. Nilikwenda moja kwa moja darajani kukata kufuli letu. Nililishika, nikaona jina langu kwa mwandiko wake uliopinda, nikaurudisha mkasi garini bila kukata.

Jioni ile Corbin aliukuta mkasi garini mwangu. Aliingia jikoni ameushika, uso mweupe.

"Janelle, huu umeutoa wapi?"

"Kwa dada," nikasema, na nikalitupa kufuli jekundu mezani. "Na huyu umemtoa wapi?"

Aliketi, akanieleza yote. Pale kwenye kiwanda chao cha nyama, fundi haingizi mkono kwenye mashine kabla hajazima umeme na kutundika kufuli lake kwenye swichi. Kila fundi ana lake, lina jina na picha yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa, hata awe meneja. Darla ni fundi mwenzake. Alikuwa ndani ya mashine ya kupasulia nguruwe, kazi imesimama, wakubwa wanapiga kelele. Mtu alikata kufuli lake na kuwasha. Vidole vya mkono wa kulia havipo tena. Kwa hiyo Corbin humkatia nyama.

Wakubwa walisema Darla hakutundika kufuli, na wanataka kumfukuza kwa uzembe. Corbin alikuwa ameliokota kwenye mfereji wa maji machafu, lakini walimwambia kila mtu anaweza kukata kufuli akadai ameliokota. Akawaita wakaguzi wa serikali. Walipofika tu, akaondolewa ufundi, akapelekwa kuosha mazizi. Mwanamke wa simu ni ofisa wa kazi. Alimweleza kwamba sheria inakataza kumfukuza au kumshusha mfanyakazi kwa kuripoti hatari, ila ni lazima alalamike ndani ya siku thelathini, asiogope akachelewa. Amelalamika.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mkewe. Aliulaza mkasi mezani, akanionyesha utepe wa buluu kwenye mpini, aliouzungusha yeye mwenyewe. Ni wa karakana yao, ulipotea siku ile ile. Kisha akaingiza chuma cha kufuli kati ya meno ya mkasi. Jino moja lina pengo, na alama ya pengo hilo iko kwenye chuma. Vilikaa pamoja kama mkono na glovu.

Msimamizi wa zamu ile ni Dwight. Kumbe Corbin alikuwa akimshuku, akanyamaza ili nisisimame kati yake na wewe.

"Ukitaka, urudishe," akaniambia. "Sitakuuliza kamwe."

Sisemi ni Dwight aliyekata. Sikuwapo. Lakini leo mchana nimeupeleka mkasi kwa yule ofisa kwa mikono yangu, na nimesema nilikoupata. Nilimuuliza kama sheria ile inawalinda pia dada wawili wasipoteane. Alinitazama kwa huruma, akasema hapana, ni ya mfanyakazi na mwajiri wake tu. Ila alisema jambo moja nililolibeba hadi nyumbani kwa ajili yako: msimamizi naye ni mfanyakazi. Kama kuna mkubwa aliyemwambia Dwight kazi isisimame kwa vyovyote, na Dwight akamtaja, kwa kumtaja huko hawaruhusiwi kumfukuza. Mwambie hivyo. Mwambie usiku huu, maana kesho watamwita.

Bado nina wivu, nakiri. Jumapili nitakwenda naye kwa Darla, ile nyama nikate mimi.

Wabusu watoto, na umwambie mdogo soksi zake za sufu ziko tayari. Ukija kunifokea, njoo. Chai itakuwa mekoni. Usipokuja, nitaelewa, lakini nitaendelea kusikiliza mlio wa gari lako pia.

Mkasi wenu sitaurudisha.

Mdogo wako akupendaye,
Janelle