Kitambulisho Hiki ni Changu

Mwende wakwa, mjukuu wangu,

Sisi hapa Kathiani tuko salama. Maharagwe yamekauka vizuri, na babu yako bado anagombana na yule ng'ombe mweusi.

Umeniuliza kama utafika Arusha bila pasipoti, na kama ni lazima kaka yako akusindikize. Kwa kitambulisho chako utapewa pasi ya muda pale mpakani. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kaka yako muache apalilie mahindi.

Zamani vitambulisho vilikuwa vya wanaume tu. Wanawake tuliporuhusiwa, nilikimbilia changu, na sokoni wakanicheka. Kisha dada yangu aliyeolewa Arusha akajifungua, na mama akanituma na shanga. Kwetu mtoto hupewa jina akivishwa shanga, na mama hakutaka avishwe za dukani.

Mpakani afisa akatazama nyuma yangu. "Mama, kitambulisho cha bwana yako kiko wapi?"

"Bwana yangu yuko nyumbani anakamua ng'ombe," nikamjibu. "Hiki ni changu. Na huyo kwa picha ni mimi."

Foleni yote iliangua kicheko, na muhuri ukagongwa!

Dada aliposikia hayo, aliliacha jina alilokuwa amechagua. Nikamvisha mtoto shanga kwa mikono yangu. Mtoto huyo ndiye shangazi atakayekupokea Arusha, na sasa unajua kwa nini anaitwa Ndunge.

Susu wako,
Ndunge