Kilichogonga Mkiani

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba shemeji bado anabishana na kila dawa unayompa. Mimi ni mzima, na tangu jana mchana ni mzima kupita kawaida.

Kwanza habari njema. Binti yenu jana aliirusha ndege peke yake, akaipindua kichwa chini miguu juu, akaibingirisha mara mbili, kisha akaishusha kama anayeweka yai mezani. Mwalimu wake akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Aliposhuka aliniuliza mjomba mbona unalia. Nikamwambia ni vumbi, na uwanja mzima ulikuwa umelowa mvua.

Ndege yenyewe unaijua. Ni ile ndogo ya viti viwili ambayo shemeji aliwafundishia vijana wa jeshi sarakasi za angani, nami nikiwa fundi hapohapo. Mwezi uliopita jeshi liliiuzia klabu yetu ya kiraia, nikaitambua kwa kiraka nilichokipiga mwenyewe kwenye bawa. Nilipoona binti yenu ameandikwa kuirusha, nilimwambia meneja haiendi popote mpaka nifungue mkia. Akasema karatasi za jeshi zinaonyesha mkia ni salama, na kwamba nazeeka vibaya. Nikamjibu karatasi za jeshi nazijua. Siku tatu nilishinda kichwa na mabega ndani ya mkia, tochi mdomoni.

Sasa keti, dada.

Jeshini kila kifaa kina namba yake, na ubaoni kinapotundikwa kimechorewa kivuli chake. Kivuli kimoja kikibaki kitupu, hakuna ndege inayoruka mpaka kifaa kipatikane, kwa sababu ndege ikipinduliwa hewani, kilichosahaulika ndani huruka ovyo, na kikibana fimbo za usukani rubani hana la kufanya. Miaka kumi na minne iliyopita, siku moja kabla ya maonyesho mbele ya wakubwa, kivuli changu kilibaki kitupu: bisibisi fupi, namba kumi na saba. Nilikuwa mgeni kazini, nikaogopa kufukuzwa. Nikachukua bisibisi ya nyumbani inayofanana nayo, nikaichonga namba ileile, nikatia sahihi kwamba vyote vipo.

Baada ya wiki shemeji akaandika kwenye kitabu cha ndege kwamba kuna kitu kinagonga mkiani akiwa kichwa chini. Nilijua ni nini. Nilipekua kila pahali nilipoweza bila kuulizwa, nikatoka mikono mitupu, kisha chini ya maneno yake nikaandika kwamba ni uzee wa ndege. Aliniamini kwa kuwa mimi ni shemeji yake. Aliirusha hivyo miaka minne. Ulikuwa ukinitania kwamba nampenda mumeo kuliko wewe, kwa kuwa kila akipaa nasimama juani mpaka atue. Hayakuwa mapenzi, dada. Ilikuwa hofu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwelikweli. Juzi niliipata ile bisibisi, imejibana vidole viwili tu kutoka kwenye fimbo ya usukani. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nilimweleza meneja yote. Akaniambia niandike kitabuni, na safari hii nikaandika kweli.

Jana binti yenu alipotua alimpigia baba yake kwa simu yangu. Swali la kwanza la shemeji lilikuwa kama bado inagonga. Akamjibu ni kimya kabisa. Shemeji akacheka, akasema kumbe mjomba wako ameshapata dawa ya uzee. Nilinyooshewa simu nikashindwa kuipokea.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Bisibisi iko humu kwenye kifurushi, imefungwa kitambaa. Mpe mkononi, akishakula, asije akasusa chakula. Akitaka kunitukana, simu yangu ni ileile. Akinyamaza, mwambie nimesimama palepale juani, nangoja atue.

Binti yenu anawasalimu, na mimi zaidi yake.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi