Bastola Iliyomngoja Mtoto

Malvern, Johannesburg
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama Salma,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekaa chini, maana kila ninapokupigia wewe umesimama na mwiko mkononi. Goti lako linaendeleaje? Mama yako bado anagoma kumeza dawa za hospitali? Na Salma, bibi harusi wetu, anapata usingizi, au wamekwisha kumfungia ndani wanamsinga mapema yote hii? Mimi mwili mzima. Roho nitakueleza.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Simu yako unaiweka spika, mke wangu. Nyumba nzima inanisikiliza, na nikinyamaza kidogo tu kaka yangu Hamza anadakia, "Mtandao umekata huo." Mtandao haukukata. Nilikuwa natafuta neno. Basi nimeandika, na Mzee Bakari, yule mwenzetu mwenye duka la vitambaa kule Fordsburg, atakukabidhi mkononi. Anakuja Tanga kumwona mama yake. Mpe chai na mkate wa mofa, lakini usimwulize habari zangu, ataongeza chumvi.

Huku baridi imeingia, ile kavu ya kupasua midomo. Chumba ni kile kile cha uani, karibu na barabara ya Jules. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani, ndiye mtu pekee ninayesema naye Kiswahili siku za kazi, na Kiswahili chao unakijua. Juzi ananiuliza, "Papa, unakulaka na nani?" Nikamjibu nakula na redio. Akacheka sana. Baadaye akaniletea sahani ya ugali na kisamvu, nikashukuru, nikaingia ndani, nikala na redio.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kwanza mwambie Salma aache kuwaambia watu kwamba baba yake anauza bunduki. Wakwe watanifikiria vipi? Nyumba yetu ya mnada pale Marshalltown inauza vitu vya kale, na mimi nasaidia kukadiria bei ya bastola, zile za zamani zenye silinda inayozunguka. Watu hununua waziweke kwenye kabati la kioo wazitazame. Mwenye leseni na mwenye kauli ya mwisho ni bosi wangu, Bwana Pieter. Mimi naifungua, nahakikisha haina risasi, natazama kama namba ya kwenye silinda inafanana na ya kwenye mwili, maana zikipishana ujue imeungwa kwa vipande vya mbili. Kisha natazama rangi. Mnunuzi anataka ile rangi ya buluu iliyotoka nayo kiwandani, hata kama imefifia. Mwenye mali akiisugua ing'ae kabla ya kuileta, ameitupa bei yake jalalani. Hilo lilinichukua muda kulimeza, sisi tuliolelewa kusugua sinia za shaba kila mgeni anapotajwa.

Mnada mkubwa wa mwaka unaangukia wiki ile ile ya ndoa. Hayo tulikwisha kuyasema. Bwana Pieter haachii mtu wiki ile, na kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwenye kazi hii, kazi ikienda nacho kinakwenda. Ndiyo maana mkaamua, nami nikaitikia, kwamba nimpe Kaka Hamza uwakala kwa simu mbele ya shehe na mashahidi, amwozeshe Salma badala yangu. Dini inaruhusu. Nilikuwa nimelikubali kabisa, usifikiri nakugeuka kwa ukaidi tu.

Wiki iliyopita akaja bibi mmoja wa Kizungu, wenyewe humwita Ouma, yaani bibi kwa lugha yao. Mfupi, kofia ya sufu, anatembelea fimbo. Mumewe alikufa zamani, na sasa yeye anahamia kwenye nyumba ya wazee, ambako silaha haziruhusiwi. Akatoa kwenye begi kitu kilichofungwa kwa kitambaa laini. Ndani ya kitambaa ala ya ngozi, ndani ya ala bastola ya marehemu. Mpini ulichomoza nje, mbao yake nzuri, haina hata mkwaruzo. Nikajisemea, leo tumepata kitu.

Akaniambia alikuwa anamtunzia mwanawe aliye Australia. Baba mtu aliusia iwe yake. Kila mwaka kijana husema mwaka ujao nitakuja kuichukua. "Sikuigusa hata mara moja," akasema, na kifua kilimpanda kwa fahari. "Kila mwaka naongeza tu kuifunga vizuri. Iko vile vile alivyoiacha baba yake."

Nikaivuta. Haikutoka. Nikaizungusha taratibu, nikavuta tena, ikatoka na unga wa kutu. Upande mmoja wote wa mtutu na silinda ulikuwa umeliwa, vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Unaona, ngozi inanyonya unyevu, na ile dawa ya kutengenezea ngozi inakula chuma polepole. Bastola haiwekwi ndani ya ala yake ikasahauliwa. Ingalikuwa inatolewa mara moja moja, ikashikwa, ikafutwa kwa kitambaa chenye mafuta, ingalikuwa nzima hadi leo. Yeye aliifunga vizuri zaidi kila mwaka, na kila alipoifunga vizuri ndivyo ilivyozidi kuliwa.

Bwana Pieter akaichungulia kwa miwani yake, akanitajia bei kwa sauti ya chini, halafu akakumbuka kuna mtu anatakiwa kumpigia simu. Ni mtu mwema, lakini habari mbaya zote hupitia kinywani mwangu.

Nikamweleza Ouma. Kiingereza chake na changu vyote ni vya kuazima, kwa hiyo tulielewana. Bei hakuiuliza. Aliuliza, "Nimeiharibu mimi?"

"Hapana, Ouma. Ni ala."

"Na nani aliiacha ndani ya ala?"

Nikaenda kumchemshia chai. Tulipokuwa tunakunywa akaniuliza kama nina watoto. Wewe unanijua nikiulizwa habari za Salma. Nikamwonyesha picha, nikamwambia anaolewa, nikamwambia mchumba ni mwalimu. Akafurahi kweli. Akasema, "Unaondoka lini?"

Hapo nikaanza kumpa maelezo kama wakili mahakamani. Mnada, kibali, uwakala, shehe, simu. Akasikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mwanangu ni mtoto mzuri. Hajakosa kunitumia pesa. Baba yake alipozikwa alituma maua makubwa kuliko ya watu wote, kila mtu aliyasifu." Akageuza kikombe chake. "Wewe utatuma nini?"

Nikasema, "Jokofu."

Mama Salma, nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu niliona haya. Nilikuwa nimeshalichagua pale Fordsburg, la milango miwili, nimeshapatana na mwenye duka. Nilikuwa nikilipitia kulitazama kila Jumamosi na kumwona Salma akilifungua. Ouma hakucheka wala hakunisema. Aliniomba tu niipake bastola mafuta kabla ya kuiweka kabatini. Nikamwambia ukweli, kwamba mafuta hayarudishi kilicholiwa, yanazuia tu kisiendelee kuliwa. "Inatosha," akasema. Akatia sahihi iuzwe, akaondoka na fimbo yake. Ala aliiacha juu ya meza.

Jioni ile sikupika. Nilirudi hapa chumbani nikawasha redio, nikaizima. Nina neno ambalo sijawahi kukwambia kwa sababu ya hiyo spika yako: mimi ni mpweke, mke wangu. Nimekuwa mpweke mpaka nimezoea, na hilo la kuzoea ndilo lililonitisha. Salma nilimwacha hajui kujifunga leso, leo anaolewa, na sauti yake kwenye simu inaniamkia kama inavyomwamkia mgeni, kwa adabu tu.

Juzi nikamfuata Bwana Pieter. Nikamwambia naondoka kabla ya mnada. Akanitazama sana. "Athumani, nafasi yako sitaweza kuishikilia. Na kibali chako unajua kimeandikwaje." Nikamwambia najua. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake. Baadaye akaja kunipa mkono, akaniambia mimi ndiye mtu pekee hapo asiyesugua vitu. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Basi ndiyo hivyo. Usimtume Kaka Hamza kwa shehe. Nakuja kumwoza mwanangu kwa mdomo wangu. Mzee Bakari anapanda ndege, mimi nitafuata na basi la masafa marefu, nitafika nimevimba miguu. Jokofu halipo, pesa yake ndiyo nauli ya hilo basi. Baada ya ndoa tutakaa tuulizane tutakula nini, mimi na wewe, na ukinigombeza utakuwa na haki. Najua watakavyosema mtaani, kwamba Athumani kakaa Sauzi miaka yote karudi na begi moja. Waache waseme. Ila wewe naogopa. Naogopa nikisimama mlangoni utatazama nyuma yangu kutafuta mzigo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ameze, nikija nitamsimamia mwenyewe. Nisalimie dada Mwanahawa pale nyumba ya pili, na umshukuru kwa kukusaidia kuchota maji goti lilipokuzidi. Kaka Hamza mpe mkono wangu, mwambie asinune. Kaka ni kaka, atakaa upande wangu wa kulia. Salma usimwambie. Nataka nimwone uso wake.

Nimeanza kujizoeza yale maneno humu chumbani. Jana Mama Furaha akanigongea ukuta, "Papa, unaozesha nani huko?" Nikamwambia mwanangu. Akasema, "Basi sema tena." Nikasema tena. Maneno yote nayaweza, lakini nikifika kwenye jina lake sauti inakwama. Siku ile mbele za watu ikinikwama, mshike Kaka Hamza mkono asidakie. Mtandao hautakuwa umekata. Nitakuwepo pale pale, natafuta neno.

Mumeo,
Athumani