Nilimwona Mama Kutoka Kilimani

3 Mei

Dada,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, ila gereji imefungwa kwa ajili ya maradhi haya na nimebaki kuhesabu vigae vya chumba. Nakuandikia kwa sababu simu zangu unazikata, na barua haikatiki. Huku ng'ambo meli za abiria zimesimamishwa, zinavuka za mizigo tu, kwa hiyo siwezi kuja. Mama yuko peke yake kule nyuma ya kilima, na simu yake imekufa. Nakuomba upite umwangalie. Yaliyopita si ndwele.

Mdogo wako

10 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Sijambo, hata kikohozi sina. Hoteli imetupa likizo isiyo na mshahara. Miaka kumi na tisa nimekaa mapokezi nikiwagawia wageni ramani ya kisiwa changu mwenyewe, nikiwasifia pango ambalo sijawahi kulitia mguu! Sasa nimechukua ramani moja, nazunguka. Ndani ya kisiwa hatujakatazwa kutembea. Pangoni nimekuta popo na harufu, basi. Lakini ule ufuko wa mawe meusi, nilikaa pale nikalia. Kumbe tulikuwa na vitu hivi.

Kwa Mama usinitume. Alisema msibani kwa mjomba, mbele ya ukoo mzima, "Huyu ni wa hotelini, kwetu ni mgeni." Mgeni haendi asikoalikwa. Tena nisije nikampelekea maradhi.

Dada yako

17 Mei

Dada,

Mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa. Hata popo umekwenda kuwajulia hali, ila kwa mama yako ndiko maradhi yanakokuzuia? Mama alisema neno la hasira siku ya msiba. Toka hapo, hadi simu yake ilipokufa, kila nilipompigia aliuliza kama unakula. Basi panda hata hicho kilima, umtazame kwa mbali. Mwenye duka humwachia mahitaji getini kila Alhamisi. Siku hizi hakuna anayeingia kwa mtu.

Mdogo wako

Jumapili, 24 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi leo nina furaha, hata mwandiko unauona. Asubuhi nimepanda kilima, nimefika juu ulimi nje, nikaona bati la nyumba yetu, na Mama mwenyewe uani, amekaa chini mlangoni pa jiko. Nikavua mtandio nikapunga. Akaniona! Akapunga mkono mmoja, kisha yote miwili, muda mrefu kama mtoto. Nami nikapunga mpaka bega likauma. Miaka mitatu hatusemeshani, na leo amenisamehe bila neno. Sikushuka, nisije nikaropoka nikaharibu. Nitakwenda wiki ijayo. Nimerudi mjini naimba, watu wananishangaa.

Dada yako

31 Mei

Dada,

Leo hali sikuulizi.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Mama hajakaa chini tangu magoti yalipoanza kumuuma, hata mchele huchambua kitini. Nikakupigia, ukakata. Nikampigia mwenye duka, akaruka ukuta. Alimkuta palepale mlangoni pa jiko, nyonga imevunjika tangu Jumapili alfajiri. Alikuwa hai, midomo imepasuka kwa kiu.

Ijumaa akafia hospitalini, Jumamosi mkamzika watu watano. Mimi mwanawe niliona kwa simu ya mwenye duka, picha inakatikakatika.

Nasikia unawaambia watu kwamba mliagana vizuri, mkapungiana mikono. Sitakukanusha mbele yao. Lakini lazima ujue alichosema Mama siku ile ya Jumatano, mwenye duka alipotaka kumbeba. Alimshika mkono akamzuia. "Ngoja kwanza. Mwanangu ameniona, yuko njiani. Akifika asikute nyumba tupu."

Mwenye duka anasema walikusubiri nusu saa.

Mtoto wa Mama