Trei Mia Tatu za Revocatus

Gladness, acha kazi usome! Nakuandikia kwa kompyuta ya mapokezi, kicheko kinanitoa machozi.

Revocatus, mtaalamu wetu wa kompyuta, si alimpita Mama Akelo wa kantini asubuhi bila hata shikamoo? Kaumbuka.

Mbele ya wanunuzi wa minofu kutoka Ulaya! Mbele yao!

Kiini cha mfumo wa kompyuta ya vyumba vya baridi kakiandika mwenyewe. Kila trei ya sangara ina saa yake humo ya kuhesabu muda wa kugandishwa, trei mia tatu. Bingwa kaiamuru mashine iziulize zote, mara mia kwa sekunde: "Muda wako umefika?" Zote! Mashine ikakosa nafasi ya kufanya kingine chochote, hata kuendesha feni za baridi. Ikaganda. Samaki ndio hawakuganda.

"Inafikiri," akasema. Inafikiri! Minofu inanuka, yeye anasema inafikiri.

Mama Akelo kaleta chai ya wageni, akamsikia akiwaeleza hayo, akamuuliza, "Mwanangu, unaziuliza zote za nini? Mimi nikibanika samaki nawapanga, wa kuiva kwanza anakaa mbele. Namtazama huyo mmoja tu."

Bingwa akainama, akazipanga saa zake hivyo hivyo, mashine ikawa inatazama ya mbele tu. Baada ya saa moja feni zikanguruma.

Wageni wakauliza wazo la nani. "Utafiti wangu," akajibu. Utafiti!

Halafu akamfuata mama kantini, kichwa chini. "Shikamoo mama. Shikamoo. Mama, shikamoo."

"Marahaba. Ya kwanza nimeisikia, mwanangu. Mimi si trei."