Kiti cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Mbavu zinauma nikikohoa, zinauma nikicheka. Kucheka sina sababu. Juzi lori limegonga pikapu yangu kwa nyuma barabara kuu, kwenye mteremko, tukipeleka vioo vya duka la mteja. Mimi nimeumia mbavu, nimeng'oka jino moja. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kachanwa viganja. Vyote viwili! Fundi wa kukata vioo. Miaka tisa karakanani kwangu, hajawahi kutoka damu zaidi ya tone.

Mke wangu anamuuguza. Kanipigia: umekula? Mbavu vipi? Ananionea huruma mimi. Mimi!

Jumatano, 5 Machi
Nimejaza fomu ya bima. Dereva wa lori kakubali kosa, breki zilimshinda. Mvua ilikuwa kubwa, hakuona kitu. Trafiki alipofika tulishakimbizwa hospitali. Kwa hiyo maelezo ni yangu tu.

Abiria alikaa wapi? Nikaandika: mbele. Alifunga mkanda? Ndiyo.

Sikufuta hata herufi moja. Ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 7 Machi
Niseme basi, daftari halina mdomo. Alikaa nyuma, juu ya mzigo.

Sisi watu wa vioo tuna mazoea yetu. Kioo kikubwa hakiachiwi kamba peke yake. Kamba ikikaza, kioo kinapasuka. Kinataka mikono ya mtu, akae nacho, asikie kinavyotikisika. Hata mimi nilikaa huko ujana wangu, bosi mbele anapiga mluzi.

Lakini siku ile aliniomba. Shem, leo mvua, tukibane na magodoro, nije mbele. Nikamwambia mbele kumejaa. Kumejaa nini? Kioo cha kujitazamia cha mke wangu. Fremu nimeichonga mwenyewe. Nimekiegemeza kitini, nimekifunga mkanda.

Akachungulia dirishani. "Yaani kioo kinafungwa mkanda, mimi nifungwe nini, shem? Sanda?"

Tukacheka wote wawili. Akapanda nyuma.

Kioo kile hakina hata mkwaruzo.

Jumanne, 11 Machi
Daktari anasema mishipa ya kukunjia vidole, mkono wa kulia, iunganishwe mapema. Kila wiki inayopita inazidi kujivuta ndani. Ikichelewa, vidole havitakunja tena. Hospitali inasubiri barua ya bima.

Mke wangu alipotoka kutafuta maji, shemeji kaniuliza niliandika nini. Nikamwambia. Kaangalia mlangoni, dada asije akasikia. Halafu: "Sawa. Nilikaa mbele. Ila dada asijue, atakutoa roho."

Ananifichia! Mikono yote bandeji, nammenyea chungwa, namtia mdomoni, na yeye ananifichia.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeitwa bima. Afisa ni mama mmoja wa miwani, mpole. Ripoti ya daktari mbele yake. "Baba, huyu alikaa mbele, na mkanda juu. Kioo cha mbele kizima. Sasa viganja vimekatwa na nini?"

Nikasema mambo yalikwenda haraka.

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. Afadhali angefoka. Kasema faili haliendi popote mpaka maelezo yalingane na ripoti. Akanifafanulia polepole: ikiwa mtu alikaa juu ya mzigo, bima ya lori inabeba sehemu yake, iliyobaki inamwangukia aliyempandisha. Na leseni yake itaulizwa. Aliyempandisha, anasema, kana kwamba hayumo chumbani!

"Lakini mgonjwa atatibiwa, baba. Hiki kinachomchelewesha si sheria."

Kumbe uongo haukuwa wa kumsaidia shemeji hata siku moja. Ulikuwa wangu. Wa leseni yangu, wa karakana yangu.

Jumapili, 16 Machi
Nimejaribu kumwambia mke wangu mara tatu. Mara ya tatu akanishika bega: Mungu akulipe, bila wewe kumzuia damu mdogo wangu angefia barabarani. Nikamuuliza kama sabuni imekwisha.

Jumatatu, 17 Machi
Benchi la ofisi ya bima. Maelezo mapya nimeyaandika, nusu ukurasa. Nilitaka kuja peke yangu. Mke wangu kajitanda, kabeba pochi, kaja. Kwa nini wanamzungusha mdogo wangu? Leo watanitambua!

Anauliza naandika nini. Vipimo vya madirisha, nimesema. Uongo mwingine, na saa tatu haijafika!

Shemeji kapiga, nesi kamshikia simu sikioni. Tunabaki na mbele, shem? Nikasogea dirishani, nikamwambia hapana, leo nasema ilivyokuwa. Kasema: "Basi dada aambiwe na wewe. Asiyasikie kwa mgeni."

Mlango umefunguliwa. Afisa: "Baba wa vioo, karibu. Na mama pia?" Mke wangu kashasimama, pochi begani, midomo tayari kwa vita. Nimemshika mkono. Nimemwambia afisa atupe dakika moja. Nimemwambia mke wangu akae kwanza.

Kakaa. Vita vimemtoka usoni. Anasubiri nifunge daftari.